Amplifaya na Sikio Langu la Kushoto

Nyumba ya mashine ya shamba letu la mkonge, nje kidogo ya Kimamba, ilishikana ukuta na korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, na kazi yangu ilikuwa kuilinda injini iliyoizungusha korona hiyo. Nilitoka vitani nikiwa nimejifunza simu za upepo. Huko Burma nilibeba redio mgongoni na kuhakikisha inasema hata ikinyeshewa. Niliporudi, serikali ilinipa medali na tiketi ya gari moshi, na meneja wa shamba, Mgiriki mnene asiyependa maneno mengi, akanipa ovaroli na kopo la grisi.

Korona ilimeza majani ya mkonge upande mmoja na kutema nyuzi nyeupe upande wa pili. Mara nyingine ilimeza na mkono wa mtu. Mwaka niliooa ilimshika mlishaji mmoja hadi kwenye kiwiko. Nilizima injini, wakamtoa, wakammwagia maji, wakamlaza kwenye troli. Kisha wakaosha meno ya mashine kwa mpira wa maji, na nyapara mkuu akanionyesha kwa kidole kwamba niwashe. Niliwasha. Mchana ule nyuzi zilitoka zina rangi ya waridi kwa muda, halafu zikarudi kuwa nyeupe, na hakuna aliyezitenga.

Nyapara mkuu alikuwa mtu mrefu, mkimya anapokula na mkali anapofanya kazi. Shamba lilikuwa na lori lenye kipaza sauti, na alfajiri lori hilo lilipita kwenye mistari ya nyumba za manamba, wale watu wa mkataba walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, na sauti ya nyapara ikawaamsha kwa matusi. Watoto wa kambini walijifunza kumwigiza kabla hawajajua kuamkia. Basi meneja alipoagiza kipaza sauti kipya, kile cha zamani akakitupia klabu ya wafanyakazi ili bendi yetu ya Jumapili ikitumie. Nyapara hakufurahi. Alikuja klabuni akasimama mlangoni.

"Hiyo ni sauti ya shamba," alisema. "Si kitu cha kuchezea wanawake."

"Bwana nyapara, amekitoa meneja mwenyewe," nilimjibu.

Aliniangalia, akaenda zake. Nadhani aliona tumempokonya koo lake.

Bendi yenyewe ilikuwa ngoma mbili, chupa ya kugongwa kwa kijiti, waimbaji, na gitaa. Mpiga gitaa alikuwa kijana Mngoni kutoka Songea, mkata mkonge wa mkataba, mwenye vidole vilivyokatwakatwa na miiba lakini vyepesi. Aliniita kaka, na kila tulipokutana, hata kama tulikuwa tumeonana asubuhi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Ngoma zilimzidi nguvu. Watu walimwona akipiga, hawakumsikia. Nilichukua kisikilizio cha simu ya jeshi, kile cha kuweka sikioni, nikakibandika chini ya nyuzi zake za chuma, nikavuta waya hadi kwenye amplifaya, yaani kile kisanduku cha bati kinachoikuza sauti kabla haijaingia kwenye spika. Kilikula betri ya lori. Spika niliipachika ndani ya sanduku la chai.

Tulipoijaribu mara ya kwanza, gitaa lilitoka kubwa lakini zito, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Mpiga gitaa alipiga nyuzi zake za chini, zile nyembamba, na kilichotoka ni mgumio tu. Alinitazama kwa huzuni. "Kaka, huyu si mimi."

Nilijua tatizo liko wapi. Ndani ya amplifaya kuna vitu vidogo vinavyoitwa kondensa, vimefungwa kwa karatasi ya nta kama peremende. Waliotengeneza kipaza sauti kile walitaka maneno ya mtu yatoke bila mikwaruzo, kwa hiyo waliweka kondensa kubwa mahali sauti inapopita, na hiyo kondensa ilikuwa inazinyonya sauti nyembamba na kuzimwaga kwenye bati. Dawa yake ilikuwa kuiondoa hiyo kubwa na kuweka ndogo, inyonye kidogo. Halafu kwenye kitufe cha kuongezea sauti, nilitaka kuunga kondensa nyingine ndogo kabisa, iwe kama njia ya mkato, ili sauti nyembamba ipite hata kitufe kikiwa chini.

Niliifungua nikiwa na haraka. Valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, zilikuwa zimezimwa lakini umeme ulikuwa bado umelala ndani, nami nikausahau kama mtu asiyewahi kuona redio. Ulinishika kwenye kidole ukanitupa nikaangukia debe la mafuta. Ulimi niliuuma hadi ukatoa damu. Mke wangu, ambaye ni Msagara wa Mvumi na hakuwa mtu wa kushtuka ovyo, aliniinua, akanipa maji, akasema, "Kama kinakupiga hivyo kikiwa kimekufa, kikiwa hai je?"

Nilipomaliza kulehemu, nilimpa kijana gitaa. Alipiga uzi mmoja. Sauti ilitoka safi, ina ncha, ikavuka uwanja wa klabu na kufika kwenye vichaka vya mkonge. Alipiga tena, akacheka, akaweka gitaa chini, akaenda nje kidogo kujipangusa macho. Jumapili ile watu walicheza mpaka vumbi likawafika viunoni. Wanawake wa Kimamba mjini walivuka reli kuja kutusikiliza.

Nyapara naye alisikia. Nyumba yake ilikuwa upande ule ule.

Juma lile lile alimsubiri mpiga gitaa kwenye reli za troli, pale wakataji wanapoleta mafungu yao kukaguliwa. Mimi nilikuwa hatua chache tu, nimechuchumaa nikikaza bomba la maji. Nyapara alishika fimbo yake ya kupimia urefu wa majani. Alilifungua fungu la kijana, akavuta jani moja, akasema ni fupi. Akavuta la pili. Kisha akamwambia aweke mikono juu ya ukingo wa troli.

Kijana alielewa kabla yangu. Alirudi nyuma, akaficha mikono kwapani. Nyapara alimpiga fimbo ya shingo, akaanguka magoti, na msaidizi mmoja akamvuta mkono akaubana kwenye chuma cha troli. Fimbo ya kwanza iligonga vidole viwili. Nilisikia mfupa. Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka niko katikati yao, nimeshika spana, na ninasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana nyapara, inatosha."

"Toka."

"Inatosha, bwana."

Alizungusha fimbo kwa mikono yote miwili kama anayepasua kuni, ikanipata sikio la kushoto. Nililala kwenye kokoto. Mbingu ilizunguka, na ndani ya kichwa changu kengele moja ililia bila kupumua. Damu ilitoka sikioni ikaingia kwenye kola. Nilimwona kijana akinyanyuka na kumrukia nyapara, nikaona watu wakimkamata wakimpiga mateke ya mbavu, midomo yao iko wazi, na sikusikia kitu.

Nililazwa Kilosa. Mganga alichungulia sikio langu kwa taa, akasema ngozi ya ndani imechanika lakini itajifunga. Ilijifunga. Kengele ikapungua, maneno ya watu yakarudi, nikaona nimepona. Sikio la kulia lilikuwa limechoka tangu zamani, kwa mizinga ya Burma na kwa injini. La kushoto ndilo nililolitegemea. Meneja alimwita nyapara akamwambia amekosea, akaniambia na mimi nirudi kazini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi nzima.

Vidole vya kijana vilikuwa vimevimba tu, kimoja kina ufa. Alifunga kijiti, akasubiri mwezi uishe, akarudi kwenye gitaa. Jumapili ya kwanza baada ya hapo niliwasha amplifaya, akapiga. Ile ncha haikuwepo. Blanketi lilikuwa limerudi.

"Kondensa imekufa," nilimwambia.

Alisita. "Mimi naona iko sawa, kaka."

"Haiko sawa."

Niliipeleka nyumbani nikabadilisha kondensa. Nikaweka ndogo zaidi. Bado. Nikatoa kabisa ile inayonyonya, nikaacha sauti nyembamba ipite yote, na kwenye kitufe nikaongeza nyingine. Kila Jumapili nilikuwa na marekebisho mapya. Nililehemu nikiwa na hasira, nikaunguza vidole, nikamfokea mke wangu kwa kusogeza taa. Kila nilipowasha nilisikia ngoma, nilisikia waimbaji, na gitaa nikalisikia kama kitu kilicho nyuma ya mlango. Niliona wanawake wakijifunga khanga kichwani hadi masikioni, nikadhani ni baridi ya masika. Niliona wachezaji wamehamia mwisho wa uwanja, nikadhani wanataka nafasi. Kijana alipiga akiwa amekunja uso. Nikimuuliza, alijibu neno lile lile, "Iko sawa, kaka." Alikuwa ananitazama sikio, si macho.

Katika msimu huo huo wakataji walimpata nyapara peke yake.

Nilikuwa kwenye pampu ya kijito, upande wa pili wa shamba dogo la mkonge mchanga. Nilisikia mdundo, kama mtu anatwanga ardhi. Nikafikiri wanaua nyoka. Ulidunda, ukanyamaza, ukadunda tena kwa pamoja, mwingi. Niliweka funguo chini nikapenya katikati ya mistari. Walikuwa wengi, na visu vyao vya kukatia vilikuwa vimewekwa chini vizuri, vimepangwa, ili mtu asije akaua. Walitumia mabua ya mkonge na mateke. Nyapara alikuwa amelala upande, mdomo wake umefunguka mpaka mwisho, mishipa ya shingo imetuna. Nilidhani amekwisha kata roho na mdomo umebaki hivyo. Kisha nikaona kifua kinapanda. Walipoona ovaroli yangu walichukua visu vyao, wakaondoka bila kukimbia.

Niliita watu, tukambeba kwa troli. Jicho moja halikuokolewa, na goti halikukunjika tena. Nilimshika mkono njia nzima kwa sababu alikuwa ananing'ang'ania, na sikujua la kufanya na chuki niliyokuwa nayo.

Jioni mke wangu alikuwa amekaa juu ya kinu, hajapika.

"Yule mtu amelia," alisema. "Amelia mpaka watoto wameingia uvunguni."

"Nani?"

"Nyapara. Mpaka huku nimemsikia."

"Mimi nilikuwa pale karibu. Hakulia."

Aliniangalia kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga. Kesho yake askari walikuja na malori, nasi tukawa na mambo mengine ya kufikiria. Walipita kwenye mistari ya manamba nyumba kwa nyumba, wakavunja milango isiyofungwa, wakapiga waliohusika na wasiohusika. Mpiga gitaa alikuwa mgonjwa siku ile ya kupigwa nyapara, hakutoka nyumbani, lakini rungu halikuuliza. Alikunjamana chini, akaweka vidole vyake kwapani, akawaachia mgongo. Wengine walipelekwa boma la Kilosa, na baadhi yao hatukuwaona tena.

Bendi ilikaa kimya kwa muda. Idi ilipokaribia tuliombwa kwenda Mikumi, kwenye kambi ya watu wanaojenga barabara. Shangazi wa mke wangu alikuwa ameolewa huko, kwa hiyo mke wangu akasema atakuja nasi. Mwenye duka mmoja alitupa lori lake. Tulipita Masanze jua likiwa linaanza kuwaka, tumekaa juu ya magunia, amplifaya nimeipakata kama mtoto mchanga. Siku zile nilikuwa nimeitengeneza upya kabisa. Niliamini leo ndipo gitaa litasikika.

Kambi ilikuwa mahema na mapipa ya lami, na nyuma yake mlima uliokuwa unapasuliwa kwa baruti. Tulifunga turubai, tukaunga betri ya lori. Watu walikuwa wameshakula pilau na wengine walikuwa wameshakunywa. Mpiga gitaa alianza. Niliongeza sauti hadi nikaisikia kidogo, ile sauti nyembamba, kama nzi mbali. Nikafurahi. Nikaongeza tena.

Mtu mmoja alikuja mbele. Alikuwa mzee kidogo kuliko mimi, mfupi, mabega mapana, amefunga kilemba kilichoshuka hadi masikioni. Alinisemesha, sikumpata. Alinisogelea.

"Punguza," alisema.

"Bado iko chini, ndugu."

"Ndugu yangu, nakuomba. Punguza hicho kitu."

"Watu wa nyuma hawasikii."

Aliondoka. Nikadhani yameisha. Kumbe alikwenda kwenye ghala la vifaa, akarudi na nyundo ya kuvunjia mawe. Watu walimpisha. Hakunitazama mimi, alikwenda moja kwa moja kwenye amplifaya, akainua nyundo, na pigo la kwanza likabonyeza bati na kuvunja valvu moja. Nilimrukia kiunoni. Tulianguka pamoja juu ya sanduku la spika. Alinipiga kwa mpini, hapa kwenye mtulinga, nikasikia kitu kimekatika kama kijiti kikavu, mkono wangu wa kulia ukaning'inia. Nilimuuma bega. Nilimuuma hadi nikaonja chumvi, na sikumwachia. Mke wangu alimvuta kwa shuka, mtu mwingine akamsukuma mke wangu, mpiga ngoma wetu akampiga huyo mtu chupa ya usoni, na hapo haikuwa tena ugomvi wa watu wawili. Watu wa mkonge na watu wa barabara walikamatana. Turubai lilituangukia. Mawe yaliruka kutoka kwenye lundo la kokoto. Mwimbaji wetu alipoteza meno ya mbele, na kijana mmoja wa barabara aliburutwa kwa nywele hadi kwenye pipa la lami, akaokolewa na mpishi mwenye ukucha wa chuma wa kugeuzia nyama.

Yule mtu wa nyundo alinikwepa, akatambaa hadi kwenye amplifaya. Ilikuwa bado hai, bati limefunguka, spika inalia yenyewe maana kisikilizio cha gitaa kiliangukia mbele yake. Hata mimi niliona karatasi ya spika inavyotetemeka. Aliweka mkono mmoja kwenye bati, akaingiza wa pili ndani ili ang'oe alichoweza kung'oa. Umeme ulimkamata mikono yote miwili. Mgongo wake ulipinda, meno yakabanana, miguu ikapiga ardhi. Mpiga gitaa alirukia betri akang'oa waya. Mtu akaanguka chali.

Watu waliacha kupigana, mmoja mmoja, walipoona amelala vile. Kilemba kilikuwa kimefunguka. Mke wangu alipiga magoti akamsugua kifua kwa viganja, akimwita "baba, baba", hadi akakohoa.

Asubuhi tulikaa wawili kwenye baraza la zahanati ya kambi, mimi mkono umefungwa kifuani, yeye viganja vimefungwa kwa bandeji. Kumbe alikuwa fundi wa baruti. Nilimwamkia kwa sababu alinizidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba." Kisha akasema, "Umenila bega."

"Umenivunja mtulinga."

"Ndiyo." Aliguna kwa maumivu. "Baruti iliwahi kulipuka mimi bado sijafika mbali. Tangu siku ile, kijiko kikigonga sahani nasikia msumari unaingia hapa. Nalala mbali na wenzangu kwa ajili ya vikombe vyao. Jana ulikuwa unanipigilia misumari, na nimekuomba kwa adabu, nawe ukaniambia iko chini. Nikajua huyu ananikejeli."

"Sikukukejeli. Nilikuwa siisikii."

Alinigeukia. Alifikiri kidogo, akasogea upande wangu wa kushoto, akafanya kitu kwa mdomo, midomo imebana.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Nimepiga mluzi."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na uji. Aliweka bakuli chini. Nikamwuliza yeye, maana nilijua hatanidanganya.

"Ile amplifaya ikoje?"

"Inapiga yowe," alisema. "Tangu utoke hospitali inapiga yowe. Mbwa wa klabu wote wamehama. Mimi nilijua siku ya nyapara. Nilishindwa kukuambia, kwa sababu kitu chenyewe ndicho kilichokuwa kinakuamsha asubuhi."

Nilimtazama mpiga gitaa, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi. Aliinamisha kichwa. "Ulipigwa kwa ajili yangu, kaka. Ningekuambiaje kwamba husikii?"

Nilisimama nikaenda nyuma ya mahema, nikapiga teke pipa tupu, nikalipiga tena na tena hadi kidole cha mguu kikapasuka. Mlio wake nao ulikuwa nusu. Nilihesabu moyoni vitu ambavyo huenda sikuvisikia tena: ndege wa alfajiri, mtoto wangu wa mwisho anapoamka, breki za gari moshi likiingia Kimamba. Kumbe nilikuwa naishi navyo pembeni yangu, nami najiona mzima. Kama nyapara angekuwa mbele yangu saa ile, na lile goti lake, sijui ningefanya nini.

Ilituchukua msimu mzima kuifufua amplifaya. Valvu niliomba kwa Mhindi wa redio pale Kilosa. Mkono wangu haukuweza kushika chuma cha kulehemu, kwa hiyo mpiga gitaa alishika, mimi nikaelekeza. Nilirudisha kondensa ya kunyonya sauti nyembamba, lakini safari hii sikuifunga moja kwa moja. Niliiunga kwenye kitufe cha kuzungusha nilichotoa kwenye redio mbovu, ili mtu aamue inyonye kiasi gani. Ukizungusha upande mmoja gitaa linavaa blanketi, ukizungusha upande wa pili linavua. Sikuwa na njia ya kujua katikati ni wapi. Nilimkalisha mke wangu mbele ya spika.

"Zungusha," nilimwambia kijana.

Alizungusha. Nilikuwa namtazama mke wangu usoni.

"Bado zito," alisema. Kisha, "Hapo. Hapana, umepita, rudisha. Hapo panapendeza."

"Panapendeza vipi?"

"Kama mtu anayekuita jina lako na hana hasira."

Nilipiga alama ya msumari kwenye bati mahali kitufe kilipoelekea. Mimi nilisikia gitaa lile lile la nyuma ya mlango. Niliwaamini.

Tangu hapo mke wangu alikuwa mtu wa bendi. Alikaa kwenye kigoda kando ya amplifaya, mkono kwenye kitufe, na watu wakicheka kwamba fundi ametawaliwa na mkewe aliwaacha wacheke. Klabu ikijaa, miili ya watu inameza sauti, aliongeza kidogo. Watu wakipungua alirudisha. Mimi nilibaki na betri na nyaya.

Mara ya mwisho tuliyopiga pamoja, kabla mkataba wa kijana haujaisha na kupanda gari kurudi kwao, ilikuwa Kilosa, kwenye uwanja uliokuwa karibu na mto Mkondoa. Wakataji wa mashamba mawili walikuwa na kisa chao. Jua lilikuwa bado halijazama nilipoona mtu anatoa kisu cha mkonge kwenye shuka, na mwingine anavunja chupa kwenye jiwe. Duara lilifunguka. Wa kisu alimkata mwenzake mkono, damu ikamrukia mwanamke mmoja kifuani, na wengine wakaanza kuvua mashati. Nilimgeukia mke wangu nimwambie tukimbie.

Alikuwa amekwisha zungusha kitufe hadi mwisho, na kile cha sauti kubwa pia, na kwa mkono mwingine alikuwa amekinyakua kisikilizio kutoka kwenye gitaa akakielekeza kwenye spika, ilie yenyewe kama kule Mikumi. Sikusikia chochote isipokuwa mvumo. Lakini niliona uwanja mzima, wenye visu na wasio navyo, wanatupa walichoshika na kuziba masikio kwa viganja, wameinama kama wamemwagiwa maji ya moto. Kisu kilianguka kwenye vumbi. Mpiga gitaa alikikanyaga.

Mke wangu alikishikilia kisikilizio hivyo hadi watu walipotawanyika, wengine wakikimbilia mtoni. Kisha akakirudisha kitufe kwenye alama ya msumari, akaniambia nifungashe haraka kabla askari hawajafika. Mtu aliyekatwa tulimfunga mkono kwa kipande cha turubai, tukampandisha kwenye lori pamoja na ngoma, na njia nzima hadi Kimamba alilala kichwa chake kikiwa juu ya sanduku la chai.